Toleo, Chapa na Nakala: Funzo Kutoka Vitabu vya Kale vya Kiitaliano

Msafiri atokaye Mikumi kwenda Iringa hufika Ruaha Mbuyuni kabla hajaanza kuupanda Mlima Kitonga. Jina la mahali hapo halihitaji mfasiri. Mibuyu imesimama pande zote mbili za barabara, na chini yake wenyeji huuza vitunguu kwa wasafiri. Hapo tulinunua karanga za kukaanga, zimetiwa katika karatasi iliyosokotwa mfano wa pembe. Karanga zilipokwisha tukaikunjua ile karatasi, tukaona kwamba maandishi yake hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kiingereza. Ndugu mmoja tuliyesafiri naye, ambaye katika ujana wake alisomeshwa na mapadre Waitaliano, aliisoma mistari michache akatabasamu. "Hiki ni Kiitaliano," akasema, "na huyu Renzo namfahamu."

Karatasi ile ilitoka katika riwaya ya Alessandro Manzoni iitwayo *I promessi sposi*, yaani waliochumbiana, kitabu ambacho Waitaliano wengi wamekisoma shuleni. Tukarudi kwa mama muuzaji. "Shikamoo, mama. Karatasi hizi umezipata wapi?" Akajibu, "Marahaba, wanangu. Nimeuziwa kwa kilo. Hizi nazipenda kwa kuwa ni ngumu, hazitoboki kwa chumvi." Katika furushi lake zilibaki karatasi nne tu za kitabu kile. Jalada halikuwapo, wala ukurasa wa jina, wala mwaka. Tulimlipa bei ya karatasi, na tulipoketi tena garini tukaanza kuulizana: Je, hiki ni kitabu cha toleo gani? Ni cha chapa gani? Kila mmoja wetu alitumia maneno hayo mawili kwa maana yake mwenyewe, na kabla hatujafika kileleni mwa Kitonga tulikuwa tumekwisha kutofautiana.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mabishano yale hayakuwa ya bure. Vitabu vya kale vya Kiitaliano, na watu waliojitolea kuvikusanya, vina mengi ya kutufundisha juu ya istilahi ambazo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali huzitumia kila siku bila kuzipima.

Kwanza yafaa tueleze jinsi kitabu cha Kiitaliano kilivyoweza kufika Nyanda za Juu za Kusini. Shirika la Wamisionari wa Consolata lilianzishwa mjini Torino mwaka 1901 na padre Giuseppe Allamano. Mwaka 1902 wamisionari wake wa kwanza walifika Kenya, katika nchi ya Wakikuyu, na huko Nyeri walikuwa na mtambo wa chapa uliotoa gazeti la Kikikuyu, *Wathiomo Mukinyu*, kuanzia mwaka 1916. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabenediktini wa Kijerumani walipokwisha kuondolewa, Wakonsolata walitumwa Iringa mwaka 1919 kushika kazi iliyoachwa, na Tosamaganga ikawa makao yao makuu. Walikuja na vitabu vyao, kama kila mgeni ajuaye kusoma. Wengine miongoni mwao wakawa wanafunzi wa lugha zetu: Vittorio Merlo Pick, padre wa shirika hilo, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kiitaliano iliyotoka Bologna mwaka 1978. Watu wa mikoa hii waliwaona Waitaliano wa namna nyingine pia wakati kampuni ya kwao ilipolaza bomba la mafuta la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968. Basi haikuwa ajabu kwamba riwaya ya Manzoni ilikuwapo katika nchi hii. Ajabu ilikuwa kwamba imefika sokoni kwa kilo, na jambo hilo tutalirudia.

Sasa tuingie katika maneno. Waitaliano hukiita kitabu *libro*, neno walilorithi kutoka Kilatini, na katika Kilatini asili yake ni gome la ndani la mti. Mtu aliyewahi kuona jinsi wenyeji wa nchi ya mibuyu wanavyobandua gome la mbuyu wakapata nyuzi za kusokotea kamba hawezi kuliona jambo hilo kuwa la mbali. Sisi tulichukua neno kitabu kutoka Kiarabu, tukalifanya letu kabisa hata tukalitia katika ngeli ya ki-/vi-, kana kwamba lilizaliwa nalo. Lakini kwa mambo ya kutoa na kupiga chapa hatukuiga hivyo. Waitaliano husema *edizione*, kutoka kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kutoa nje. Sisi tunasema *toleo*, kutoka kutoa. Wao husema *stampa* kwa kile kinachogandamizwa na mtambo. Sisi tunasema *chapa*, neno lililotujia kutoka Bara Hindi pamoja na kazi yenyewe. Kwa hiyo tofauti ambayo Waitaliano wanayo kati ya maneno yao mawili, Kiswahili nacho kinayo, na hatukuhitaji kuiunda. Tulichokosa ni kuitunza.

Ndugu msomaji na afungue vitabu vitano vya Kiswahili vilivyo karibu naye, atazame nyuma ya ukurasa wa jina. Katika kimoja ataona "Toleo la Kwanza" na "Toleo la Pili", na maneno ya ndani ni yaleyale, hata makosa ya herufi hayakusahihishwa. Katika kingine ataona "Chapa ya Pili", kumbe mwandishi ameongeza sura mbili nzima. Kwa mtu anayesoma ili astarehe, hilo si kitu. Kwa mwalimu anayeandika katika muhtasari wa masomo "wanafunzi wasome ukurasa wa 40", au kwa hakimu anayetaka kujua ni maneno gani hasa yaliyokuwa katika kitabu mwaka fulani, hilo ni jambo kubwa.

Sisi tungependa maneno yagawane kazi hivi. *Toleo* liwe la maneno: mwandishi au mhariri akiisha kubadilisha matini, hilo ni toleo jipya. *Chapa* iwe ya mtambo: matini yaleyale yakipigwa tena, hiyo ni chapa nyingine ya toleo lilelile. *Nakala* iwe ya kitu chenyewe kilichomo mkononi, chenye doa la chai na jina la aliyekuwa nacho. Toleo moja laweza kuwa na chapa ishirini, na chapa moja nakala elfu kumi.

Wakusanyaji wa vitabu vya Kiitaliano walilazimika kuzijua tofauti hizi mapema, kwa kuwa fedha zao zilikuwamo. Utenzi mkuu wa Dante ulipigwa chapa mara ya kwanza katika mji mdogo wa Foligno mwaka 1472. Aliyeuchapa alikuwa fundi Mjerumani, Johann Numeister, akishirikiana na mwenyeji wa mji huo aitwaye Evangelista. Mwishoni mwa kitabu hawakuandika tarehe kama tuandikavyo sisi leo. Walitunga mashairi mafupi ya kutaja mwaka, mwezi wa nne, na siku "tano na sita", yaani tarehe 11, kisha wakataja majina yao. Msomaji wa tenzi zetu hatashangaa. Washairi na waandishi wa miswada ya pwani nao huweka mwishoni jina la mtunzi au la mnakili, mji, na mwaka wa Hijra, na mara nyingi huitia hesabu hiyo ndani ya ubeti, mpaka msomaji ajumlishe mwenyewe. Halafu huandika *tamati*. Wataalamu wa vitabu huko Ulaya hutumia neno la Kiyunani kwa maelezo hayo ya mwisho, na tumewahi kuona wafasiri wakilinyoosha kuwa "kolofoni". Hatuoni haja yake. Tamati ya mswada na tamati ya kitabu cha Foligno zinafanya kazi ileile, na neno letu lina umri wa kutosha kuibeba.

Neno jingine lililotusumbua ni lile la vitabu vilivyochapwa tangu mwanzo wa ufundi huo hata mwisho wa mwaka 1500. Wanavyuoni wa Ulaya huviita kwa neno la Kilatini lenye maana ya nguo za kumviringia mtoto mchanga. Tunapendekeza viitwe *vitabu vya uchanga wa chapa*, au kwa kifupi *vitabu vya uchanga*. Tunajua kuwa wengine watacheka, na wenye neno lililo bora na walilete. Ila tunaomba lisiwe "inkunabula", kwa sababu mwanafunzi akilisikia hataona kitu chochote machoni pake.

Palipo pagumu zaidi ni katika sifa tatu zinazochanganywa daima: *kale*, *adimu* na *kuukuu*. Kitabu cha kale ni kile kilichotoka zama zilizopita, hata kama kimetunzwa kama kipya. Kitabu adimu ni kile ambacho nakala zake ni chache, hata kama kilichapwa juzi. Kitabu kikuukuu ni kile kilichochakaa, hata kama kina umri wa miaka mitatu. Kitabu kimoja chaweza kuwa yote matatu, lakini hakuna sifa inayomlazimisha mtu kuidhani nyingine.

Mfano mashuhuri ni wa *Decameron* ya Boccaccio, iliyochapwa Venezia mwaka 1471 na Christoph Valdarfer. Kilikuwa kitabu cha hadithi za watu walioikimbia tauni, na zimo hadithi zilizowafanyia mapadre na watawa mzaha. Mwaka 1497 wafuasi wa mhubiri Savonarola walichoma hadharani mjini Firenze vitu walivyoviona vya anasa, vikiwamo vitabu, na mwaka 1559 *Decameron* ikawekwa katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa na Kanisa. Mwaka 1573 likatoka Firenze toleo lililotakaswa, ambalo ndani yake wakosaji waliokuwa makasisi na watawa waligeuzwa kuwa watu wa kawaida. Tazama basi: kitabu ni kilekile kwa jina, lakini matoleo si mamoja. Ndiyo maana nakala ya 1471 ilipopigwa mnada London tarehe 17 Juni 1812, mabwana wawili wa Kiingereza walishindana hata ikafika pauni 2,260, bei ambayo ilikuwa haijasikika kwa kitabu kimoja. Aliyeshinda alikuwa Marquess of Blandford. Miaka saba baadaye madeni yalimlazimisha kuuza, na yule aliyeshindwa, Earl Spencer, akakipata kitabu hichohicho kwa pauni 918. Hapo tunaona kuwa bei si kipimo cha uadimu. Uadimu haukupungua hata chembe kati ya 1812 na 1819. Kilichopungua ni joto la wanunuzi.

Sasa turudi kwenye lile furushi la Ruaha Mbuyuni. Hatukuweza kujua kwa yakini lilitoka wapi. Lakini tulipofika mwisho wa safari yetu tulisimulia kisa hiki kwa mtumishi mmoja wa zamani, naye akatusimulia chake. Miaka mingi iliyopita katika taasisi moja, ambayo hatuitaji, ilipokewa barua ya kuagiza rafu za vitabu zisafishwe. Barua ya asili iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa maelezo yake ilihusu vitabu vilivyochakaa, vyenye kurasa zilizopotea. Aliyeitafsiri aliandika "vitabu vyote vya zamani viondolewe". Watumishi walitii. Waliviacha vitabu vya kiada vya miaka michache iliyopita, vingi vikiwa havina majalada, wakaviondoa vile vya kale vilivyokuwa vizima. Miongoni mwavyo zilikuwamo kamusi na sarufi za mwanzo za Kiswahili, ambazo yeye mwenyewe alizikumbuka kwa majalada yake. Kuukuu na kale, tofauti ya neno moja tu, na rafu nzima ikaenda. Tangu tuliposikia kisa hicho hatuwezi tena kukubali usemi kwamba kazi ya istilahi ni kuchezea maneno.

Huenda mtu akauliza: Vitabu vya kale vya Wataliani vyatuhusu nini sisi, hata kama tumekubali kwamba istilahi zatuhusu? Jibu limo katika kitabu kimoja kilichochapwa Venezia mwaka 1550 katika nyumba ya Giunti. Giovanni Battista Ramusio, mtumishi wa serikali ya Venezia (na wasomaji wetu walio watumishi wa serikali wamtambue mwenzao), alikusanya habari za safari za watu mbalimbali akazitoa kwa Kiitaliano katika mabuku matatu, *Navigationi et viaggi*. Katika buku la kwanza imo habari ya Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika juu ya miji ya pwani yetu: Kilwa, Mombasa, Malindi. Habari hiyo iliandikwa kwa Kireno, lakini Wareno wenyewe hawakuichapa mpaka mwaka 1813. Kwa zaidi ya miaka 260 mtu aliyetaka kusoma maneno ya Barbosa katika kitabu kilichochapwa alitegemea Kiitaliano cha Ramusio. Kitabu hichohicho ndicho kilichotoa kwa mara ya kwanza maelezo ya Afrika ya al-Hasan al-Wazzan, ambaye Wazungu humwita Leo Africanus. Na kabla ya Ramusio, mwaka 1510, Ludovico de Varthema alikuwa amekwisha kutoa Roma habari za safari zake, naye anaitaja miji ya pwani yetu.

Vitabu vyetu vya historia vinapomnukuu Barbosa kwa Kiswahili, mara nyingi vimetafsiri tafsiri ya Kiingereza ya karne ya 20. Tafsiri hiyo ni ya wanavyuoni hodari, wala hatuna neno nayo. Lakini mfasiri anayetaka kujua kama Barbosa alimwita mtawala wa Kilwa mfalme, sultani au neno jingine, hana budi kujua ni toleo lipi analolifuata, na kati ya toleo hilo na kalamu ya Barbosa wamepita wafasiri wangapi. Kuandika "Barbosa alisema" bila kutaja toleo ni sawa na kuleta shahidi mahakamani huku amefunikwa uso.

Tumelichelewesha kwa makusudi jambo tunaloliona kuwa zito kuliko yote, yaani hadithi ya riwaya ile iliyofungiwa karanga.

Manzoni alikuwa mtu wa Milano. Nyumbani watu wa tabaka lake walisema lahaja ya Milano, na Kifaransa. Kiitaliano cha vitabu kilikuwa lugha ya kujifunza, iliyojengwa juu ya maandishi ya Firenze ya karne ya 14. Riwaya yake ilitoka mara ya kwanza Milano, katika nyumba ya Ferrario, mabuku matatu. Kurasa za jina zina miaka ya 1825 na 1826, lakini vitabu havikutoka mikononi mwa mchapaji mpaka 1827, na wakusanyaji huliita toleo hilo kwa mwaka huo. Kitabu kilipendwa sana. Mwandishi mwenyewe hakuridhika. Aliona kuwa lugha yake ni mchanganyiko, huku lahaja ya Milano, huku Kifaransa, huku maneno yaliyookotwa katika vitabu vya kale ambayo hapana mtu aliyeyasema tena. Mwaka uleule alikwenda Firenze akasikiliza jinsi watu wanavyosema. Akawauliza wenyeji wasomi wamkosoe, na baadaye yaya wa Kifirenze aliyeishi katika nyumba yake, Emilia Luti, akawa mmoja wa walimu wake wa maneno. Kwa miaka mingi aliipitia riwaya yake sentensi kwa sentensi. Toleo jipya likatoka Milano kwa sehemu ndogondogo kati ya mwaka 1840 na 1842, likiwa na picha za Francesco Gonin.

Hadithi haikubadilika. Renzo ni yuleyule, na Lucia ni yuleyule. Kilichobadilika ni lugha. Mahali ambapo toleo la 1827 liliandika *egli*, neno la vitabuni lenye maana ya "yeye", toleo la 1840 likaandika mara nyingi *lui*, kama watu walivyosema. Mtu aliye na toleo moja tu mkononi anayo riwaya nzuri. Aliye na yote mawili anayo, bega kwa bega, kazi ya usanifishaji wa lugha ikitendeka, neno baada ya neno, pamoja na ushahidi wa kila uamuzi. Hatujui hazina kubwa kuliko hiyo kwa baraza lolote la lugha.

Manzoni aligharimia toleo lile mwenyewe, akipania kuwashinda wachapaji waliokuwa wakiiba riwaya yake, akapata hasara. Nakala nyingi zilibaki bila kununuliwa. Wakati huohuo matini ya zamani yaliendelea kuchapwa bila ya idhini yake. Mchapishaji Felice Le Monnier wa Firenze aliitoa mwaka 1845, na ugomvi wao wa mahakamani haukumalizika mpaka 1864, Le Monnier alipomlipa fidia. Hapa pia msomaji ataona umuhimu wa kugawa maneno: Le Monnier alichokitoa kilikuwa chapa mpya ya toleo ambalo mwandishi amekwisha kulikataa. Kwa fedha alimdhulumu mara moja, na kwa lugha mara ya pili.

Nchi ya Italia ilipoungana mwaka 1861, walioweza kusema Kiitaliano walikuwa wachache mno. Mwanaisimu Tullio De Mauro alikisia kuwa hawakuzidi 25 katika kila watu 1,000. Wengine wamepinga hesabu hiyo wakaiongeza, lakini hapana aliyefanya wingi wao kuwa mkubwa. Mwaka 1868 Manzoni, mzee wa zaidi ya miaka 80, alimwandikia waziri wa elimu, Emilio Broglio, taarifa ya jinsi ya kuipa taifa lugha moja: Kifirenze cha watu wanaosema leo, kamusi, na walimu wa kukieneza. Kamusi ikaanza kutoka mwaka 1870. Jina lake lilikuwa *Novo vocabolario*, yaani kamusi mpya, kwa kuwa Wafirenze walitamka *novo*. Mwaka 1873 mwanaisimu Graziadio Isaia Ascoli alilishambulia neno hilohilo la kwanza la jaladani: Italia yote imezoea kuandika *nuovo*, alisema, nanyi mwataka kuibadilisha kwa kuwa mji mmoja hutamka vingine? Leo Waitaliano husema *nuovo*. Kamusi ilishindwa kwenye neno la kwanza la jina lake. Lakini *lui* ya Manzoni imekaa.

Sisi tulio na kumbukumbu ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na ya Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, tutaisoma hadithi hiyo kwa makini kuliko wengi. Malalamiko ya Ascoli tumekwisha kuyasikia, yakitoka kwa wenye Kimvita. Na mfano wa Manzoni tunao nyumbani. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la *Julius Caesar*. Hakuridhika. Mwaka 1969 ikatoka tafsiri iliyorekebishwa, na badiliko la kwanza laonekana jaladani: *Juliasi Kaizari*. Jina la Kirumi limevaa sauti za Kiswahili, na *Caesar* limepewa neno ambalo Waswahili walikuwa nalo tayari. Mwaka uohuo akatoa *Mabepari wa Venisi*, na kwa jina hilo alitoa hukumu nzima juu ya wafanyabiashara wa mji ule (ambao kisa chao Shakespeare alikitoa katika kitabu cha Kiitaliano, *Il Pecorone*, kilichochapwa Milano mwaka 1558).

Ni walimu wangapi wanaofundisha *Juliasi Kaizari* ambao wamewahi kuiona *Julius Caesar* ya 1963? Tumeulizia katika maduka ya vitabu vilivyotumika, na jibu la kawaida ni kwamba ipo iliyo bora zaidi, ya zamani ya nini? Mwenye duka ana haki yake. Lakini mtu akitaka kujua jinsi mwandishi mmoja alivyoipima lugha yake katika miaka sita ya muongo wa kwanza wa uhuru, toleo lililo bora halimtoshi. Anahitaji lile lililoachwa. Vivyo hivyo kwa *Kusadikika* ya Shaaban Robert kama ilivyotoka mwaka 1951, na kwa kamusi ya Krapf ya 1882 na ya Johnson ya 1939. Miswada ya tenzi ilipata bahati ya kuwa na watu kama J. W. T. Allen, aliyepita pwani akiikusanya kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vitabu vyetu vilivyopigwa chapa vimeonekana kuwa vingi mno kuhurumiwa, na kwa sababu hiyo vingine vimekuwa adimu kuliko miswada.

Zile karatasi nne tunazo. Yule ndugu yetu alipata picha za kurasa za toleo la 1827 akazilinganisha nazo. Katika karatasi zetu, mahali ambapo toleo la kwanza lina *egli*, pameandikwa *lui*, mara tatu katika ukurasa mmoja. Karatasi yenyewe na herufi zake ni za karne ya 20, za kitabu cha shule kisichokuwa na thamani mnadani. Kwa hiyo juu ya bahasha tumeandika: Manzoni, *I promessi sposi*, toleo la 1840–42, chapa ya baadaye, mwaka haukutajwa, nakala pungufu, karatasi nne, tamati haipo, imepatikana Ruaha Mbuyuni.

Wasomaji wanaombwa walete maoni yao juu ya *tamati* na *vitabu vya uchanga*, na hasa watuarifu kama katika ofisi au shule zao lipo neno jingine linalotumika kwa ukurasa wa jina, ambao wengine huuita ukurasa wa anwani. Aliye na *Julius Caesar* ya 1963, hata ikiwa kuukuu, atufahamishe.